Suti za zamani za watoto wa kiume: ipi ununue, ipi uiache

Fundi anaweza kupunguza suruali, kubadili vifungo na zipu, hata kutia bitana mpya. Mabega ni habari nyingine: atayakataa, au atakutoza kuliko bei ya koti lenyewe. Kwa hiyo hapa tumepanga nguo kwa kuangalia ni ipi itarekebishika vizuri ikishatoka sokoni, iwe Karume, Memorial ya Moshi au Gikomba. Mtindo tumeuweka nyuma.

Mpime mtoto kabla hujaondoka nyumbani, maana lebo zinachanganya. Koti la Ujerumani au Uholanzi huandikwa urefu wa mtoto kwa sentimita: 104, 110, 116, 122. La Uingereza mara nyingi huandikwa umri, na watoto wa miaka sita hawalingani. Tena nguo ya zamani huenda imeshasinyaa kwa kufuliwa vibaya. Amini futi ya fundi. Funga vifungo, laza koti, pima kwapa hadi kwapa, zidisha kwa mbili. Jibu lizidi kifua cha mtoto kwa sm 8 hadi 10, ili shati na kizibao vipate nafasi. Mwenye kifua cha sm 60 anataka koti la sm 34 au 35 likiwa limelazwa. Mshono wa bega uishie kwenye mfupa. Ukizidi kwa sentimita moja si neno, atalijaza. Ukizidi kwa tatu, liache.

1. Koti la sufu, bila suruali yake

Hili ndilo la kwanza, na wanunuzi wengi hulipita wakitafuta seti kamili. Suruali ya kijivu fundi atashona kwa vipimo vya mtoto, na mwakani atashona nyingine ndefu zaidi. Pwani koti hilohilo linavaliwa juu ya kanzu siku ya Idi au harusini.

Geuza mkono wa koti uangalie pindo kwa ndani. Makoti mengi mazuri ya zamani yana akiba ya kitambaa sm 3 hadi 5, nayo ni karibu mwaka mzima wa kukua. Halafu bana kifua kwa vidole, upande wa nje na wa bitana, uvitenganishe taratibu. Ukisikia tabaka la tatu (kitambaa cha kukaza kifua) linaelea katikati, limeshonwa kwa uzi. Usipolisikia, limegandishwa kwa gundi. Gundi peke yake si kosa, ila tazama kifua kwa pembeni, mwanga ukipita juu yake: ukiona malengelenge, gundi imeachia. Pasi haiyaondoi, na muuzaji akikwambia yataisha ukipiga pasi, rudisha hanga mahali pake.

Kujua kama ni sufu kweli, omba uzi mmoja wa pindo la ndani uuchome kando, mbali na nguo. Sufu hunuka kama nywele zinazoungua na majivu yake husagika. Poliesta huyeyuka ikaacha punje ngumu. Mwisho inua koti juani, ukague chini ya kola na kwapani. Matundu ya nondo hujificha huko.

2. Suti kamili ya sufu na poliesta

Haikunjamani ovyo na rangi hukaa. Tatizo ni suruali: watoto hupiga magoti, kwa hiyo koti huwa zima na magoti yameng'aa au kukonda. Usikubali kuipima kwa macho ikiwa kwenye hanga. Ingiza mkono ndani ya mguu, unyooshe goti.

3. Kizibao na suruali

Kwa joto la Dar au Mombasa tungeweza kukiweka cha kwanza. Mtoto hatakivua katikati ya sherehe, na picha zitatoka nzuri. Mgongo wake ni bitana tupu, huchanika kwapani, lakini kuubadilisha ni kazi rahisi. Kagua bizimu ya nyuma, ile ya kukazia mkanda: ikiwa na kutu, itachafua shati jeupe.

4. Suti ya baharia

Mtindo huu ulipata umaarufu baada ya mwana wa Malkia Victoria kuchorwa akiwa ameuvaa mwaka 1846. Kwa mtoto wa maua harusini unapendeza sana. Ila angalia kiuno: nyingine kaptula hufungwa kwa vifungo kwenye shati lenyewe, na mtoto wa miaka minne hawezi kuvifungua peke yake akibanwa na haja. Kola nyeupe yenye mistari ya buluu isugue kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Ikiacha rangi, itachuja ukiifua.

5. Mahameli, na suti za krimplini za miaka ya 1970

Mahameli ukishusha pindo huacha mstari usiofutika. Krimplini ni kitambaa kizito cha poliesta; haichakai upesi, lakini haipitishi hewa, mtoto ataloa jasho kabla ya keki kukatwa. Nunua kwa ajili ya picha tu.

Kuhusu umri wa nguo, lebo husaidia: iliyoandikwa "Made in West Germany" ni ya kati ya 1949 na 1990, na alama ya Woolmark, inayoonyesha sufu halisi, haikuwapo kabla ya 1964. Muuzaji akikuambia koti lenye alama hiyo ni la miaka ya 1950, bei yake ipunguze.

Ukifika nyumbani usilitumbukize koti kwenye beseni. Kitambaa cha nje na cha ndani husinyaa tofauti. Lipeleke kwa drai klina, au lipige brashi, lifute kwa kitambaa chenye unyevu na kulianika kivulini.  Sabuni ya unga huila sufu. Ukiona dalili ya nondo, funga nguo kwenye mfuko wa plastiki, iweke friza wiki mbili. Pasi ipite juu ya kitambaa cha pamba kilicholowa, kamwe si juu ya sufu yenyewe, maana itang'aa na mng'ao huo hautoki.