Hiyo "it" ni nani, mwalimu?

Nilikusudia kuipa nyota tatu kozi hii ya jioni ya muundo wa sentensi za Kiingereza. Jina la kituo silitaji. Chumba kizuri, feni zinazunguka, ada si ya kuua mtu. Lakini kila nikikaa kuandika mazuri yao, lile jibu linanirudia na mkono unakuwa mzito.

Mwalimu kaandika ubaoni "It is raining". Mama mmoja wa mstari wa mbele akauliza kwa adabu zote: "Samahani mwalimu, hiyo it ni nani hasa?" Akajibiwa: "Mama, wewe kariri tu, usitucheleweshe." Darasa likacheka.

Mwezi mzima halikuulizwa swali zuri kuliko lile! Na jibu lake ni la dakika mbili. Sisi tunasema "mvua inanyesha": mvua ndiyo kiima, kunyesha ndicho kitenzi. Kiingereza kimeitia mvua yote ndani ya kitenzi, "rain", kwa hiyo nafasi ya kiima imebaki tupu. Na ukiacha amri kama "Sit down", Kiingereza hakivumilii nafasi hiyo iwe tupu. Inawekwa "it", kama ndoo kwenye foleni ya bombani: mwenyewe haonekani, ila nafasi imeshikwa.

Wala si jambo geni kwetu. Tunasema "kumekucha". Nani kakucha? Hakuna mtu. Ile "ku-" imeshika nafasi tu. Mama yule jibu alikuwa nalo kinywani mwake tangu utotoni, akaambiwa anachelewesha watu.

Asiyeelezwa hilo ataandika "Is raining", kesho ataandika "Is hot today" kwa sababu kichwani ana "kuna joto". Halafu atakuja na "In the class have many students". Hilo nalo lina asili yake: "-na" ya "kuna" ndiyo ile ile ya "nina", kwa hiyo anadhani pahali "pana" vitu kama mtu anavyokuwa navyo, na anakwenda kuchukua "have". Kiingereza kinataka "There are many students in the class", na "are" inafuata wingi wa "students". Aliyeelewa "it" ataielewa na "there" siku hiyo hiyo. Wao wakazifundisha kwa wiki mbili tofauti, kama vitu visivyojuana.

Niwe mkweli, kijitabu chao cha mazoezi ni kizuri. Kinakupa jedwali la safu tatu, kiima, kitenzi na yanayofuata, unajaza sentensi kumi kila siku. Ila kabla ya kujaza ingebidi mtu afundishwe kulipasua neno la Kiswahili kwanza. Chukua "ninakisoma". Ni-, "I". -Na-, "am" pamoja na "-ing". -Ki-, "it". Soma, "read". Sasa itoe "-ki-" katikati uipeleke nyuma ya kitenzi: "I am reading it". Fanya hivyo na vitenzi ishirini, utaona mwenyewe kwa nini watu wetu huandika "Juma he is sick": wameitafsiri "a-" ya "anaumwa" wakati Juma keshakaa kwenye kiti. Na "the book which I bought it" imetoka kwenye "-ki-" ya "nilichokinunua". Kwetu hiyo "-ki-" inakubalika, kule "which" imeshamaliza kazi.

Kwa kijitabu hicho nilishafika nyota tatu na nusu. Kisha likaja somo la "do".

"Unapenda chai?" kwetu ni sauti tu inayopanda. Kiingereza kinaleta "do" mbele, na wakati uliopita unahamia humo: "Did you go?" Darasa zima likaandika "Did you went?" Kisa? "Did" imeshaubeba wakati uliopita, kwa hiyo "go" inarudi kuwa tupu, kama ilivyo kwenye "hukwenda", ambapo "-ku-" imeubeba wakati na kitenzi hakiongezi kitu. Mfano uko hapo hapo mdomoni. Kijana mmoja wa nyuma akainua mkono. Unajua alichojibiwa.

Basi nyota moja, ya kijitabu. Kama wanakiuza peke yake, kinunueni. Darasani msiende, au nendeni na mtu wa kuwaeleza mkitoka. Na mwalimu, kama unayasoma haya, yule mama hajarudi tena tangu siku ile. Ada yake alilipa yote.