Tulikodi Routemaster kwa harusi: uzoefu wangu

Harusi ya binti wa dada yangu ilikuwa hapa London, na wageni 60 walitakiwa kutoka msikitini hadi ukumbini. Nusu yao ni wazee wa Mombasa. Mimi ndiye niliyependekeza lile basi jekundu la ghorofa la zamani, lenye nyuma wazi. Nimekuwa fundi wa bodi za magari miaka mingi, kwa hiyo kabla ya kulipa nilikwenda kuliona gereji.

Basi ni la 1961, viti 64. Mwenyewe alilinunua likiwa limechoka kabisa akalifufua kwa mikono yake. Alinionyesha chini ya ngazi, pale kondakta anaposimama kuwapisha abiria: alumini ilipokutana na chuma maji yalikuwa yameingia, na bati likaliwa likabaki unga mweupe. Alitoboa ribiti, zile pini zinazounga bati, moja moja, akakata kipande kilichooza na kutia kipya, na safari hii akatenganisha metali hizo mbili zisigusane. Nilipitisha kidole kwenye kiungo chake, sikuhisi kitu. Hiyo ni kazi ya fundi.

Routemaster haina chesisi, ile fremu ndefu ya chini inayobeba bodi ya gari. Bodi ya alumini ndiyo inayobeba mzigo, na chini yake kuna fremu mbili fupi: ya mbele ina injini na usukani, ya nyuma ina ekseli. London Transport, shirika lililoendesha mabasi ya London, ilishiriki kuunda ndege za mabomu za Halifax wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na ujuzi ule umo humu. Zilipokuwa kazini zilipelekwa karakana ya Aldenham, bodi ikainuliwa, fremu zikatengenezwa kando, na mara nyingi bodi ilirudi barabarani juu ya fremu nyingine kabisa. Ndiyo maana zilidumu. Zilitengenezwa 2,876, ya mwisho mwaka 1968, na njia ya 159, ya mwisho kuwa nazo katika huduma ya kawaida, ikaziaga tarehe 9 Desemba 2005.

Ndani wamerudisha rangi zake: dari ya manjano, kuta za damu ya mzee, kijani kuzunguka madirisha.

Sasa kasoro. Siku yenyewe basi lilichelewa dakika 25 na hakuna aliyetupigia simu. Bei ilizidi ya mabasi mawili ya kawaida ya kukodi. Ngazi ya juu ni nyembamba na imejipinda. Kaka yangu anatumia kiti cha magurudumu. Ikabidi apande teksi, na hilo liliniuma, kwa sababu niliambiwa mapema kwamba kiti hakitapanda, nikadhani tungeweza kumbeba. Mwenye mgonjwa wa miguu afikirie kwanza.

Lakini msikubali kulichukua bila kondakta. Dereva amekaa peke yake kibandani, pembeni ya injini, hasikii lolote la abiria. Makanga wetu hupiga bodi kwa kiganja. Huyu huvuta kamba iliyopita darini, kengele moja simama, mbili twende. Kondakta wetu alikuwa mtu mzima ambaye baba yake alitoka Barbados, ambako London Transport ilianza kuajiri watu mwaka 1956, na kazi hii aliijua tangu utotoni. Bibi alipofika kwenye lile jukwaa la nyuma akaniambia, "Mjukuu wangu, nishike mkono." Kabla sijafika, kondakta alikwisha kumshika kiwiko, akamwekea mkono kwenye mlingoti mweupe na kumketisha kiti cha karibu. Juu, vigelegele havikukatika mpaka ukumbini.

Tulipofika wageni wote walishuka isipokuwa Bibi, macho yake kwenye ile kamba. Kondakta akaelewa bila kutafsiriwa. Akamsimamisha, akamwinua mkono hadi darini, na Bibi akavuta mara mbili. Basi likaondoka, tukazunguka mtaa mzima sisi watatu na dereva.