Kifundo kimeteguka: barafu au dawa ya menthol?

Hamali akiteguka kifundo katika soko la Marikiti, Mombasa, hakosi washauri: huyu asema weka barafu, yule asema jipake dawa ya menthol. Zote huleta ubaridi, ila kazi zao ni mbalimbali.

Barafu hupoza nyama yenyewe. Mishipa ya damu hubana, na neva hupeleka maumivu polepole zaidi. Izungushie leso, uiweke dakika 15 hadi 20, kisha uipumzishe ngozi; ikikaa bila kitambaa yaweza kuiunguza. Kwa joto la Mombasa huyeyuka upesi, na umeme ukipotea itabidi ukaombe kwa wauza samaki (harufu yake utaivumilia). Mwenye kisukari aliyekufa ganzi miguuni asiitumie bila kumuuliza daktari.

Menthol huamsha tu vihisi vya baridi kwenye ngozi. Ndani joto ni lile lile. Lakini haihitaji friza. Usiipake kidondani, wala usiifunge bendeji ya kubana juu yake.

Kifundo kilichofura leo, ningechagua barafu. Mgongo uliochoshwa na mizigo, menthol yatosha. Mguu ukishindwa kukanyaga kabisa, nenda ukapigwe eksirei.