Stanford Encyclopedia of Philosophy kwa anayechunguza Mungu, roho na kuwepo: inafaa nani, inakwama wapi

Anayetafuta mtandaoni mambo ya kuwepo, roho na Mungu hukutana kwanza na video za saa nzima, nukuu za Rumi zisizojulikana zimetoka wapi, na walimu wanaochanganya chakra, fizikia ya kwanta na aya za Biblia ndani ya sentensi moja. Stanford Encyclopedia of Philosophy, kamusi elezo ya falsafa inayopatikana plato.stanford.edu, iko upande mwingine kabisa. Ni bure, haina matangazo, haikuulizi jina wala barua pepe, na kila makala ina mwandishi unayeweza kumfuatilia kazi zake. Ilianzishwa mwaka 1995 chini ya Edward Zalta, na leo ina makala zaidi ya 1,700.

Tofauti yake na Wikipedia ni kwamba msomaji hawezi kuingia akabadilisha neno. Mwandishi hualikwa kwa sababu ni bingwa wa mada, rasimu yake hupitiwa na wahariri wa eneo hilo, na baada ya kuchapishwa hutarajiwa kuirekebisha kila baada ya miaka michache. Fedha hutoka kwenye michango ya maktaba za vyuo na ruzuku, ndiyo maana huoni tangazo la pete ya bahati pembeni mwa makala ya mwanafalsafa wa kale Plotinus.

Hata hivyo, wengi huifungua mara moja tu wasirudi. Kosa lao ni kuingilia mlango wa jina la dini. Andika "Islam" au "Buddhism" kwenye kisanduku cha kutafutia, utamwagiwa mamia ya matokeo, mengi yakiwa yanaitaja dini hiyo kwa mstari mmoja tu. Ingia kwa swali. Kazi ya kulinganisha mapokeo haifanyiki kwa kuuliza Uislamu unasema nini na Uhindu unasema nini. Inafanyika kwa kushika swali moja na kulipeleka kwa watu mbalimbali uone nani analijibu na nani anakataa hata kuliuliza.

Chukua swali hili: kwa nini kuna kitu chochote kabisa? Anza na "Cosmological Argument" upate ramani, kisha nenda "Ibn Sina's Metaphysics" ya Olga Lizzini. Hoja ya Ibn Sina (mwanafalsafa wa Kiislamu aliyefariki 1037) ni hii: kila kilichopo, ukikitazama chenyewe, ama lazima kiwepo ama inawezekana kiwepo au kisiwepo. Kile cha pili hakina ndani yake sababu ya kuegemea upande wa kuwepo, hivyo kinahitaji kitu cha nje kukiegemeza. Unganisha vitu vya namna hiyo mnyororo mrefu kiasi chochote, hata usio na mwisho. Mnyororo mzima bado ni kitu kinachowezekana tu, na bado unadai sababu. Sababu hiyo ndiyo wajibul-wujud, ambaye kuwepo kwake ni lazima kwa dhati yake.

Msomaji aliyepitia sifa ishirini za Mungu chuoni (madrasa), Lamu, Unguja au Tanga, atajikuta nyumbani. Mgawanyo wa wajibu (la lazima), muhali (lisilowezekana) na jaizi (linalowezekana) aliokaririshwa akiwa mtoto ni zana ileile, ila huku amewekewa hatua za hoja na pingamizi zake. Wengi walioikariri hawakuwahi kuambiwa kwamba nyuma yake kuna mjadala wa karne nyingi, na hapa mjadala huo umefunguliwa wazi. Tukilazimika kutaja makala moja tu yenye thamani kubwa kuliko zote kwa msomaji wa pwani, ni hiyo ya Lizzini.

Ukitoka hapo, fungua "al-Ghazali" ya Frank Griffel. Usiridhike na hadithi ya mitaani kwamba Ghazali aliiua falsafa ya Kiislamu. Griffel anaonyesha kwamba katika masuala 20 aliyowabana wanafalsafa, ni matatu tu aliyoyahukumu kuwa ukafiri: kudai ulimwengu hauna mwanzo, kudai Mungu hajui mambo ya mojamoja, na kukana ufufuo wa miili. Mengine aliyaona makosa au bidaa, na mantiki yao aliichukua akaitumia. Sehemu ya pamba na moto isome polepole. Swali lililopo pale ni kama moto ndio unaounguza, au Mungu anaumba kuungua kila moto unapogusa pamba, na Griffel anaonyesha kwa nini si rahisi kumbana Ghazali kwenye jibu moja. Kisha pita kwa Thomas Aquinas uone hoja ya kinachowezekana na cha lazima ikivaa kanzu ya Kikristo, umalizie na "Mulla Sadra" ya Sajjad Rizvi, kuhusu mwanafalsafa wa Kiislamu wa Uajemi, ambako kuwepo si jambo la ama kupo ama hakupo, bali kuna ngazi, kama mwanga ulivyo mkali na hafifu.

Wapenzi wa usufi watakimbilia "Ibn 'Arabî" ya William Chittick. Wafanye hivyo, ila wajue kwamba makala hiyo itawanyang'anya kitu. Msemo wa wahdatul-wujud (umoja wa kuwepo), ambao watu humbandika Ibn Arabi kama jina la kitabu chake, hakuutumia yeye kama istilahi ya mafundisho yake. Ulikuja kupata uzito mikononi mwa waliomfuata na waliompinga.

Swali la pili linalofaa kwa mtindo huu ni la nafsi, na hapa ndipo ule usemi wa "dini zote zinasema kitu kimoja" unapovunjika bila mtu kutukanwa. Soma makala ya Shankara, mwanafalsafa wa Kihindu, kisha ya Nagarjuna, wa Kibudha, kwa siku zinazofuatana. Kwa Shankara, ukiondoa kila unachodhani ni wewe, kinachobaki ni Atman (nafsi ya kweli), nacho hakitengani na Brahman (uhalisia wa mwisho). Kwa Nagarjuna, ukichimba vilevile hukuti kiini chochote: kila kitu kipo kwa kutegemea vingine, na hata huo utupu usiugeuze kuwa kitu cha kushikilia, maana nao ni mtupu. Wote wawili wanazungumzia ukombozi, wote wanasema akili ya kawaida inatudanganya, na bado mmoja anathibitisha kile mwenzake anachokana.

Kisha ongeza "Akan Philosophy of the Person" ya Ajume Wingo. Waakan wa Ghana husema mtu ana okra (ambayo kwa kawaida hutafsiriwa roho), sunsum (hulka ya mtu) na mogya (damu). Lakini okra ni nini hasa? Kwame Gyekye anaifanya kuwa kitu kisicho na umbo la mwili kabisa. Kwasi Wiredu anakataa, anasema ina hali ya kimwili kwa kiasi fulani, maana inaelezwa kuwa huweza kuonekana na wenye kipawa maalumu. Wote wawili ni Waakan, wanafalsafa wenye jina, na hawakubaliani. Makala chache hufundisha kwa kifupi namna hii kwamba "Waafrika wanaamini" ni mwanzo mbaya wa sentensi.

Makala ya "Mysticism" isomwe mapema, pengine kabla ya hizo zote. Inaeleza ugomvi wa pande mbili: upande wa kina W. T. Stace, wanaoona kuna uzoefu mmoja wa ndani unaovaa mavazi tofauti ya dini, na upande wa kina Steven Katz, wanaosema mafunzo na lugha ya mtu huunda uzoefu wenyewe, si maelezo yake tu. Ukijua uko upande gani kabla ya kuanza, utatambua pale unapolazimisha matini ikubaliane nawe.

Sasa kasoro. Kubwa ni mizani. Aristotle peke yake ana makala yake kuu na nyingine kwa mantiki, metafizikia, saikolojia, maadili, siasa na kadhalika, wakati Afrika nzima imepata za kuhesabika. Kwa Afrika Mashariki, iliyo karibu nasi kuliko zote ni "African Sage Philosophy" ya Dismas Masolo, inayomhusu Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi na mradi wake wa kuwahoji wazee wenye hekima. Ni nzuri. Humo unakutana na Placide Tempels, mmisionari wa Congo, na ubishi wa kama kabila zima laweza kuwa na falsafa moja. Mmoja wa wazee wa Oruka, Paul Mbuya Akoko, alitoa hoja kwamba Mungu hawezi kuwa wa kila kabila na wake, kwa kuwa miungu wengi wangeleta vurugu katika maumbile. Anayeijua aya ya 22 ya Suratul-Anbiyaa atasimama hapo kidogo. Ila ukitaka zaidi ya hapo, kwa mfano uchambuzi wa kina wa mwanafalsafa wa Rwanda Alexis Kagame na mpango wake wa muntu (mtu), kintu (kitu), hantu (mahali na wakati) na kuntu (namna), itabidi utoke nje ya tovuti hii.

Kasoro ya pili ni viungo vya chini, "Related Entries". Ndivyo vinavyokuvusha kutoka makala moja hadi nyingine, lakini mara nyingi hukuzungusha ndani ya mapokeo yaleyale. Daraja kati ya mapokeo utalijenga mwenyewe kwa kurudi kwenye swali lako. Halafu baadhi ya makala zimejificha kwenye orodha kuu: ile ya metafizikia ya Kiislamu haipo kwenye herufi M, ipo chini ya kichwa "Arabic and Islamic Philosophy, disciplines in". Pitia mara moja vichwa vyote vinavyoanza na "Arabic and Islamic Philosophy". Chini ya "special topics in" utakuta pia usufi na usababisho.

Kuhusu simu na bando. Kurasa ni maandishi matupu, kwa hiyo ni nyepesi. Matatizo huanza ukitaka kusoma bila mtandao. Tanbihi haziko kwenye ukurasa wa makala. Ziko kwenye ukurasa wao peke yake, na nyongeza nazo hivyo hivyo. Ukihifadhi makala tu, ukiwa kwenye basi utabonyeza namba ya tanbihi na hutapata kitu. Hifadhi kurasa zote mbili. Alama za mantiki nazo huchorwa na programu inayopakuliwa wakati ukurasa unafunguka. Ukihifadhi ukurasa wenyewe na kuufungua bila mtandao, badala ya alama utaona mikwaju na mabano. Dawa yake ni kuacha ukurasa ufunguke hadi mwisho, halafu uchague kuchapisha na kuhifadhi kama PDF kwenye kivinjari chenyewe. PDF iliyopangwa vizuri ipo, lakini ni ya wanachama wanaolipa ada ya mwaka, na kwa kusoma tu huihitaji.

Makala nyingi huvuka maneno 10,000. Usizisome kutoka juu hadi chini. Soma aya za utangulizi zilizo juu ya yaliyomo, chagua vifungu viwili vinavyogusa swali lako, kisha angalia orodha ya vitabu mwishoni. Vifungu vya ufafanuzi wa kisasa, vyenye majina ya maprofesa wanaojibizana, viruke mara ya kwanza bila aibu.

Mwanafunzi anayenukuu awe makini zaidi. Makala hubadilika, na hata mwandishi hubadilika: ile ya "Mysticism" kwa miaka mingi ilikuwa ya Jerome Gellman peke yake, sasa ina jina la Richard Jones pia. Ukinukuu anwani ya kawaida, msimamizi wako akiifungua mwaka kesho huenda akakuta maneno mengine. Bonyeza "Author and Citation Info". Utapewa anwani ya toleo lililogandishwa. Matoleo hayo hutolewa mara nne kwa mwaka na hayaguswi tena. Weka hilo kwenye tasnifu.

Lugha ni Kiingereza, tena kizito. Ambaye Kiingereza chake kinamtosha magazeti tu aanze na Internet Encyclopedia of Philosophy, iep.utm.edu, iliyoanza mwaka huohuo wa 1995. Nayo ni bure na imepitiwa na wataalamu, sentensi zake ni nyepesi, ingawa mada zake ni chache.

Na usiende pale kutafuta namna ya kuswali usiku, kufanya dhikri au kukaa kimya ukitazama pumzi. Tovuti hii inachambua hoja; haimlei mtu. Inaweza kukueleza kwa kurasa kadhaa fanaa (nafsi kutoweka mbele ya Mungu) ni nini na isikuambie hata neno moja la nini ufanye kesho alfajiri. Kwa hilo kuna sheikh, padri au mwalimu aliye hai. Kwa matini zenyewe, upande wa Kibudha SuttaCentral inatoa tafsiri mpya bila malipo, na upande wa zamani zaidi kuna sacred-texts.com, ambayo tafsiri zake nyingi ni za karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 kwa sababu za hakimiliki. Upanishad (maandiko ya kale ya Kihindu) utakayoikuta huko ina Kiingereza cha enzi ya Malkia Victoria, kwa hiyo ukimsoma Shankara Stanford na kumfuatilia huko, tarajia istilahi zisizolingana, na linganisha kwa namba ya fungu badala ya kutafuta neno.