Airisi za njano za kizamani: uanze na ipi

Kila Mei huku Marekani majirani wanasimama mbele ya nyumba yangu wanauliza yale maua ya njano nimeyatoa wapi, basi leo naandika. Ni airisi ndefu zenye ndevu, zile zinazopita sentimita 70, na ndevu ni yale manyoya juu ya petali za chini. Ukiona ya njano haina ndevu inauzwa kama mmea wa bwawa, iache kabisa, ile inavamia mito na majimbo kadhaa yamepiga marufuku isiuzwe.

Namba moja kwangu ni Flavescens, inajulikana toka 1813. Njano yake imepauka kama limau, inanukia vizuri, na jamani ni ngumu, utaikuta makaburini na kwenye mashamba yaliyohamwa imejiotea tu miaka nenda rudi bila mtu wa kuimwagilia. Mwenye kichaka chake huwa hakunyimi kipande kwa hiyo omba kwanza kabla hujatoa hela.

Ya pili Ola Kala, aliizalisha Jacob Sass wa Nebraska, ilipata medali ya Dykes, ile tuzo kubwa ya airisi, 1948. Hii ndo njano hasa, kiini cha yai la kienyeji, kama unataka ua linaloonekana toka barabarani basi iweke namba moja badala ya Flavescens, sikulaumu. Ya tatu Shekinah, aliizalisha Grace Sturtevant, 1918, njano yake mpole sana ila kuipata kazi. W.R. Dykes ya 1926 naiweka mwisho, ina historia nzuri, mwenye jina, mtaalamu wa airisi wa Uingereza, alifariki 1925 na ile medali ya Dykes ni ya kumkumbuka yeye, lakini petali zinatoka na madoa ya zambarau na mtu anayetaka njano safi hatafurahi.

Nunua Julai mpaka Septemba, na nunua kwa jina. Mimi niliwahi kuchukua mfuko dukani umeandikwa njano tu, nikasubiri mwaka mzima, ikachanua zambarau, niliumia kweli. Unachouziwa ni kipande kinene kama tangawizi, kibonyeze, kikiwa laini na kinanuka kimeoza, rudisha.

Kupanda ndo wengi wanakosea, wanafukia kama viazi. Mgongo wa kile kipande uachwe nje upigwe jua, masaa 6 kwa siku angalau, maji yasituame, toka shina hadi shina sentimita 30 mpaka 45, na kila miaka 3 au 4 ng'oa ugawe maana zikibanana maua yanapungua.

Dada yangu yuko Dar ananisumbua nimpelekee, nimemkatalia, hii inataka baridi ya winta ndo ichanue vizuri. Kule nimemwambia apande alamanda ya njano ukutani, joto lile linaifaa.