Mortal Kombat ya 2021: steringi asiyechagulika kwenye pedi

Kwa anayeijua Mortal Kombat, gemu la mapigano ya wawili wawili, kupitia vibanda vya gemu vya Chikongola au Magomeni hapa Mtwara, filamu ya 2021 inamkwaza mapema: steringi wake hayumo kwenye gemu. Anaitwa Cole Young, mpigana ngumi na mateke wa ulingoni anayechezwa na Lewis Tan. Pitia orodha ya wapiganaji tangu gemu la kwanza la 1992, humkuti. Waandishi wamemchonga wao, na kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Ndiyo maana kila Cole anapokabwa, mtazamaji hana wasiwasi wowote.

Kibanda nacho kina namna yake ya kufundisha hadithi. Unalipia mechi. Wawili wanakaa na pedi zao, aliyepigwa anainuka, wa foleni anaketi. Sehemu ya hadithi, ya mtu mmoja kukaa saa nzima akitazama mazungumzo, nani ailipie wenzake wakisubiri? Kwa hiyo wengi wanajua mambo matatu: pigo la kila mmoja, nani ana kisasi na nani, na kwamba kuna mashindano. Filamu imeyashika mawili ya kwanza vizuri, la tatu ikalitupa.

Hilo la tatu ndilo linalouma. Kwenye gemu, Outworld, ulimwengu wa maadui, haiwezi kuivamia dunia yetu mpaka ishinde mashindano kumi mfululizo. Sheria hiyo ndiyo inayomzuia Shang Tsung, mchawi wa Outworld, asije tu na jeshi lake akamaliza kazi. Filamu inaitaja sheria yenyewe, inasema Outworld imeshashinda tisa, kisha inamwacha Shang Tsung atume watu wake wawaue wapinzani kabla ya mashindano, na hakuna anayemwadhibu. Raiden, mungu wa radi, anabaki kulalamika. Filamu inafika mwisho, dakika 110, na mashindano hayajafanyika. Kama sheria inavunjika bila gharama, kwa nini Shang Tsung alihangaika kushinda hayo tisa?

Linganisha na filamu ya 1995. Ile ilikosea mengine: Scorpion na Sub-Zero, mahasimu wawili wa gemu, walifanywa watumwa wa Shang Tsung, kisasi chao kikapita kama salamu ya njiani, na mkuki wa Scorpion ukageuka kidudu hai kinachotoka kiganjani. Lakini ilikuwa na kisiwa cha mashindano, ilikuwa na mapambano ya kupangwa, na Liu Kang, shujaa wa gemu lenyewe, ndiye aliyekabidhiwa kumaliza. Hadithi ikasimama.

Ambapo ya 2021 inaipiga bao ile ya zamani ni mwanzo wake. Japani, mwaka 1617. Hanzo Hasashi, ambaye baadaye ndiye Scorpion, anayechezwa na Hiroyuki Sanada, anakwenda kuchota maji. Akirudi anamkuta mkewe na mtoto wao wa kiume wamegandishwa. Bi-Han, ndiye Sub-Zero, amepita. Hanzo anachukua kunai, kifaa cha bustani kilichokuwa mikononi mwa mkewe, anakifunga kamba, anaanza kazi. Hapo ukielewa mkuki wa Scorpion ulitoka wapi, hutaurusha tena kwenye pedi ukiuona kama kamba tu. Gemu halikuwahi kuueleza kwa uzuri huo. Hapa mabadiliko yameongeza uzito bila kung'oa nguzo.

Mashabiki wakali watasema aliyeiua familia ile ni Quan Chi, mchawi mwingine wa gemu, kwa hila. Ni kweli, magemu yalileta maelezo hayo mwishoni mwa miaka ya 1990. Lakini gemu lenyewe halijatulia: la 2011 lilianza hadithi upya, na Mortal Kombat 1 ya 2023 imemfanya Scorpion kuwa Kuai Liang, ndugu wa damu wa Sub-Zero. Anayedai filamu ifuate hadithi ya asili aseme kwanza ni asili ipi.

Alama ya joka ya wapiganaji waliochaguliwa na ile nguvu ya ndani wanayoiita arcana ni nyongeza dhaifu. Kwenye gemu Jax ana mikono ya chuma kwa sababu ya teknolojia; kwenye filamu anapewa mikono myembamba ya kubahatisha, kisha inanenepa alipojikaza kumwokoa mwenzake. Kano naye jicho lake la leza linachomoza akiwa na hasira mezani. Kila pigo sasa lina sababu moja, na sababu hiyo haielezi lolote. Goro, jitu la mikono minne ambalo wachonga mashetani wa mpingo wangelifurahia, kwenye gemu ni bingwa asiyeshindwa kwa miaka 500. Hapa anauawa na mgeni Cole siku ya kwanza ya kuvaa dirii.

Mpiganaji Kung Lao na kofia yake yenye makali wasikupite. Johnny Cage, yule mwigizaji wa kwenye gemu, usimtafute, ni bango tu mwishoni.

Kuhusu nakala: sehemu ya mwanzo inazungumzwa Kijapani na Kichina, kwa hiyo maandishi ya chini ni lazima. Ukitazama kwa flashi kwenye runinga, faili la maandishi liwe na jina lilelile la faili la filamu, herufi kwa herufi, isipokuwa kiishio chake kama .srt, na yakae folda moja. Likitofautiana hata nukta, runinga nyingi hazilioni. Iliyotafsiriwa kwa sauti ya Kiswahili inachangamsha, ila mtafsiri akiongea juu ya ukimya wa Hanzo, nusu ya tukio imekwenda. Na watoto wasiwepo: mtu anapasuliwa katikati kwa kofia, na damu inagandishwa hewani ikawa kisu.