Kinyozi wa Langoni anayejua kumsubiri mzee

Kwa zaidi ya mwaka mmoja sasa nampeleka baba yangu kunyolewa katika duka dogo la kinyozi lililo kichochoroni Langoni, hatua chache kutoka Usita wa Mui. Naandika tathmini hii kwa ajili ya familia za hapa Lamu zenye mzee anayeugua ugonjwa wa Parkinson, kwa kuwa najua ilivyo vigumu kupata mahali ambapo uso wake hautamponza.

Baba alikuwa seremala, na mtaani alijulikana kwa bashasha kabla ya kujulikana kwa kazi yake. Ugonjwa huu hupunguza dopamini, kemikali ambayo ubongo huihitaji ili kuongoza miendo ya mwili, na pamoja na kutetemeka na kukakamaa kwa viungo, huifanya misuli ya uso isogee kidogo na polepole. Tabasamu huchelewa au huishia njiani, kope hupepesa mara chache, sauti hufifia, na asiyejua humwona mzee amenuna, ilhali moyoni furaha yake iko palepale. Baadhi ya wagonjwa hupatwa na sonona ya kweli pia, kwa hiyo uso peke yake haukuambii lolote. Ni lazima umuulize mwenyewe. Katika duka tulilozoea awali, kijana aliyekuwa akimnyoa alinigeukia mimi, baba akiwa kitini, akaniuliza kama mzee wangu ana hasira naye. Baba alisikia kila neno. Hatukurudi tena, na jina la duka hilo sitalitaja.

Huyu wa Langoni, siku ya kwanza, alimwamkia, "Shikamoo, mzee," kisha akanyamaza, mkono ukiwa juu ya kiti, mpaka "marahaba" ikatoka. Ilichukua muda, nami nilikuwa karibu kuitikia kwa niaba ya baba, jambo ambalo nimelifanya mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Tangu siku hiyo maswali yote humwuliza baba mwenyewe, moja baada ya jingine, na haongezi la pili kabla la kwanza halijajibiwa.

Lililonifanya nimwamini zaidi ni suala la wembe. Kinyozi hujua kwamba wembe unakwaruza kwa kuona mteja akikunja uso, na kwa baba alama hiyo karibu haipo. Anaweza kuumia na uso ukabaki vilevile. Baada ya kuelezwa hivyo, kinyozi alipatana naye kwamba akihisi maumivu ainue kidole cha mkono wa kushoto, ambao hautetemeki sana, naye akawa anautazama mkono huo muda wote wa kazi. Kidevu kikianza kutetemeka, huondoa wembe na kungoja. Kila baada ya dakika chache humnyanyua kichwa kidogo ili ameze mate, kwa sababu wagonjwa hawa humeza mara chache kuliko sisi na mate hujaa mdomoni. Feni huigeuzia ukutani, maana macho yasiyopepesa vya kutosha hukauka upesi yakipigwa na upepo. Ngozi ya baba imekuwa ya mafuta na hutoa magamba kwenye nyusi na kando ya pua, jambo la kawaida katika ugonjwa huu, na hapo kinyozi hupitisha kitambaa cha maji ya vuguvugu bila kusugua wala kupaka spiriti. Hajawahi kudai kwamba kumkanda uso kutamponya, nami namheshimu kwa hilo.

Tunalipa shilingi 300, nywele na ndevu pamoja, na wembe mpya hufunguliwa mbele ya macho yetu. Huenda yote yakachukua karibu saa nzima, lakini sijaona akitazama saa.

Kasoro zipo. Mlangoni pana kizingiti kirefu kisicho na pa kushika, na mzee ambaye miguu yake hugoma ghafla anahitaji mtu wa kumshika mkono anapoingia na anapotoka. Televisheni huwa juu mno, na sauti ya baba haiwezi kushindana nayo. Ukiomba ipunguzwe hupunguzwa, ila kila safari itabidi uombe upya. Ijumaa asubuhi msiende kabisa, kwa kuwa foleni hufika barazani na kinyozi hana nafasi ya kusubiri jibu la mtu yeyote. Sisi huenda Jumanne, kama saa moja baada ya baba kumeza levodopa, dawa inapokuwa imeshika na maneno yanamtoka kwa wepesi zaidi. Jumanne iliyopita kinyozi alimpa kioo kidogo atazame kisogo chake. Baba alikishika kwa muda mrefu, kisha akamwambia apunguze kidogo upande wa kulia, na kweli upande huo ulikuwa umezidi.